Jembe, Shoka na Mkeka

Saa sita kamili mchana, reli ililia.

Kilikuwa kipande cha reli halisi ya garimoshi, urefu wa mkono, kimening'inizwa kwa waya kwenye boriti ya baraza, na Bambo Lackson Mtambalika alikipiga kwa nyundo mara nne bila haraka. Ndiyo kengele aliyoitii miaka thelathini na sita katika karakana ya reli kule Limbe. Alipostaafu alikuja nayo nyumbani, ili na wengine nao waitii.

Kuku walikimbia. Ng'ambo ya korongo sauti ya mwanamke ikapaa: "Mayi Enifa we! Kiwandani kwenu kumelia! Pakua nsima upesi usije ukafutwa kazi!" Kicheko kikafuata, na hakikuwa cha mtu mmoja.

Enifa alikuwa jikoni amechuchumaa mbele ya mafiga, maji yanatokota, unga mkononi, na mwiko hauonekani. Alipekua kapu la vyombo. Akapekua nyuma ya mtungi. Mwisho akainua macho, akauona unaning'inia kwenye msumari ukutani, umezungushiwa mstari mweusi wa penseli uliofuata umbo lake lote. Kando yake upawa, na mstari wake. Kisha ungo, chekecheke, hata kata ya kunywea maji. Jiko zima lilikuwa limechorwa.

"Bambo!"

Lackson alitokea mlangoni, penseli nyuma ya sikio, uso umejaa furaha ya mtu anayengoja kushukuriwa.

"Umeona? Hicho kinaitwa kivuli. Karakana yetu yote ilikwenda hivyo. Ukitumia kitu, unakirudisha kwenye kivuli chake. Kivuli kikiwa kitupu, unajua kwa jicho moja kuna kitu kimepotea."

"Mwiko wangu haujapotea tangu tuoane. Umepotea leo, siku uliyoutafutia mahali."

"Haujapotea, uko kwenye kivuli chake."

"Mimi naupika ugali kwa mkono, Bambo, si kwa jicho. Mkono wangu unajua mwiko uko kwenye kapu."

Lackson alitazama saa yake. "Sasa ni saa sita na dakika saba," alisema kwa upole. Upole ule ndio uliomchoma Enifa. Angegomba, wangegombana yakaisha.

Wiki ya kumi na moja hiyo tangu amalize kujenga nyumba yao. Wanawake wa kijiji walimwonea gere mwanzoni: mume hanywi, hahongi, ana pensheni, na mikono yake haitulii. Hawakujua kwamba mume mstaafu asiyekunywa ni mzigo kuliko mlevi, maana mlevi angalau hutoka nyumbani. Huyu alikuwepo. Alikuwepo asubuhi akihesabu mayai, alikuwepo jioni akipima kama kitanda kimekaa sawa kwa pimamaji. Alitundika ubao barazani akaandika ratiba ya siku kwa chaki: saa kumi na mbili kufagia, saa moja chai, saa mbili mradi. Miradi haikuisha. Aliweka mfereji wa kuvuna maji ya bati, akaweka bawaba mpya milango yote, akabadili mahali pa banda la kuku mara mbili, na mara zote mbili kuku waligoma kutaga.

Nyumba yenyewe aliijenga kwa kiinua mgongo chake na kwa mikono yake, juu ya kilima karibu na Luchenza, kwenye ardhi aliyoiacha mama yake Enifa. Huku mwanamume ndiye huoa akahamia, na mtoto ni wa mama. Bwana aliyehamia kwa wakwe huitwa mkamwini, na hata akijenga ghorofa, vyake kijijini hapo ni vitatu: jembe, shoka na mkeka. Siku mambo yakiharibika hutoka na hivyo, na miguu yake. Lackson alilijua hilo kama kila mtu. Jembe lake na shoka lake vilikuwa vimetundikwa ukutani barazani, kila kimoja ndani ya kivuli chake, na alivisugua kwa mafuta kila Ijumaa.

Aliyevitazama sana vitu hivyo ni Grevazio, kaka yake Enifa. Ndiye mkubwa wa ukoo, mwenye neno juu ya dada zake na watoto wao, tena ndiye nkhoswe wa Enifa, msimamizi wa ndoa yake. Miaka miwili iliyopita Grevazio mwenyewe alirudi kutoka kwa wakwe zake wa ng'ambo ya mto Ruo, baada ya miaka thelathini ya ndoa, na mkeka wake ulikuwa umelowa. Tangu hapo aliishi kwenye kibanda cha nyasi chini ya kilima. Lackson alimtengenezea mlango, akamtengenezea na kiti cha mbao kizuri, lakini Grevazio alikiacha kiti hicho hapo hapo barazani kwa dada yake, akawa anakuja kukikalia kila siku. Alikuwa akiinua uso akitazama bati kwa muda mrefu.

*

Jumamosi akina mama wa umoja wa kanisa walikuwa na zamu ya kukutana kwa Enifa. Alijiandaa wiki nzima. Alikaanga karanga, akapika thobwa, togwa ya huku, pipa dogo, akapiga pasi blauzi yake nyeupe mpaka kola ikasimama yenyewe. Hakuwahi kuwapokea kwenye nyumba ya bati. Alitaka waione.

Lackson naye alitaka waione. Alfajiri ya siku hiyo alilipaka vanishi benchi refu la barazani. Ilikuwa majira ya chiperoni, ile rasharasha ya baridi inayoweza kukaa siku tano bila kukata, na fundi yeyote anajua kwamba katika unyevu ule vanishi haikauki. Lackson alilijua hilo kuliko wote. Lakini ubao wa ratiba ulisema benchi litakuwa tayari saa tatu, na saa tatu ilipofika aliliona liko tayari.

"Karibuni, karibuni kina mama! Kaeni kwa mstari. Wanene katikati, ndiko kwenye mguu wa tatu."

Mayi Nasibeko, mwenyekiti, aliketi katikati. Hakufurahi. Wenzake saba wakajipanga pande mbili, sketi zao nyeusi zimenyooshwa, wakafungua vitabu vya nyimbo. Ulipofika wakati wa sala, mwenyekiti aliinuka, na benchi likainuka naye. Wale wa pembeni waliteleza wakaanguka mmoja juu ya mwingine, kikombe cha thobwa kikaruka, na Mayi Nasibeko akabaki ameinama nusu, benchi limemng'ang'ania nyuma, akijivuta.

"Usivute!" Lackson alipiga kelele akitoka mbio. "Mama, usivute, utaharibu vanishi!"

Sketi ilichanika. Sauti yake ilisikika baraza zima. Kisha Enifa aliona kitu ambacho hajakisahau mpaka leo: wanawake saba wa kanisa wakimzunguka mwenyekiti wao kwa vitenge kumsitiri, na mume wake amepiga magoti nyuma ya benchi, akipapasa ubao kwa kidole kuona umeharibika kiasi gani.

"Mayi Enifa," alisema Mayi Nasibeko akiwa amejifunga vitenge viwili, "tulikuja kusali. Kama tungetaka mchezo tungekwenda sokoni." Wakaondoka kwenye rasharasha bila kugusa karanga.

Enifa alingoja mpaka walipopotea kwenye kona.

"Umenivua nguo mbele ya kanisa."

"Ni unyevu," alisema Lackson. Alikuwa tayari anapiga msasa. "Nitapaka mara ya pili Jumatatu."

"Hutapaka kitu! Hutagusa benchi, hutagusa jiko langu, hutagusa kuku! Kila ninaposhika nakuta mkono wako umefika kabla yangu. Mimi nilikuwa na nyumba, Bambo. Sasa nina karakana, na mimi ndiye kibarua!"

"Nyumba hii nimeijenga mimi, msumari kwa msumari. Kutoka hapa mpaka stesheni hakuna nyumba kama hii."

"Kwenye ardhi ya mama yangu."

Ulimi hauna mfupa. Maneno hayo hakuna mke huku anayemwambia mume, kwa kuwa kila mume anayajua na hulala nayo kila siku. Lackson aliacha kusugua. Alikung'uta vumbi la mbao, akaurudisha msasa kwenye kivuli chake, akaingia ndani na kufunga mlango taratibu, maana bawaba zilikuwa mpya.

*

Hasira ikamteremsha Enifa kilimani mpaka kwa kaka yake. Grevazio alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda na shangazi zao wawili, wakipukusua mbaazi ndani ya ungo. Nyuma yake paa lilikuwa linadondosha maji kwenye sufuria tatu.

"Mchukueni mtu wenu," alisema Enifa kabla hata ya kuamkia. "Nyinyi ndio mlimpokea. Mimi nimechoka, mtoeni."

Shangazi mmoja aliacha mikono yake juu ya mbaazi. Mwingine akasema haraka, "Keti kwanza mwanangu, kunywa maji." Lakini Grevazio alikuwa amekwisha kusimama. Akafunga vifungo vya koti lake mpaka juu.

Wanawake wa ukoo ule wanajua kulalamika. Wanalalamika kisimani, wanalalamika shambani, wanawaita waume zao majina yote ya wanyama, na hakuna anayejali. Ila barazani kwa mkubwa wa ukoo, mbele ya mashahidi, neno la mke linaulizwa mara tatu, na likijibiwa mara tatu limekuwa la ukoo.

"Enifa, umesema atolewe?"

"Nimesema."

"Enifa," shangazi alimvuta kitenge.

"Niachie, shangazi!"

"Umesema atolewe?"

"Nimesema!" Machoni mwake alikuwa anaiona ile sketi.

"Mara ya mwisho nauliza. Umesema Mtambalika atolewe?"

"Wewe kiziwi, kaka? Nimesema!"

Grevazio aliitikia kwa kichwa taratibu, kisha akaketi tena na kuendelea kupukusua mbaazi. Enifa alipanda kilima akijisikia mwepesi. Wepesi ule ulimtoka usiku huo huo aliposikia mume wake anakohoa upande wa pili wa kitanda. Alitaka kumwambia. Akajiambia kaka yake ni mtu mzima, ataelewa yalikuwa maneno ya hasira, na Jumapili nzima hakuteremka kwenda kuyafuta. Aliona aibu.

*

Jumatatu Lackson alitoka asubuhi na baiskeli kwenda Luchenza, bila kusema anakwenda kufanya nini. Enifa alikwenda shambani kuchuma majani ya maboga. Aliporudi, karibu saa tano, rasharasha bado inanyesha, alikuta uwanja una vitu vitatu.

Jembe lilikuwa limelazwa chini. Shoka kando yake. Na mkeka, ule mkeka wa matete ambao Lackson alikuja nao alipomwoa, ulikuwa umetupwa wazi kwenye tope, unakunywa mvua.

Grevazio alikuwa barazani, pakavu, kwenye kiti chake, miguu ameinyoosha. Chini ya kiti kulikuwa na furushi.

"Kaka, hivi ni nini?"

"Maneno yako. Nimeyatandika uwanjani uyaone."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira haijibu mara tatu."

"Basi nakwambia sasa, sina hasira. Virudishe."

"Nirudishe neno la ukoo mfukoni kama kitambaa cha makamasi? Shangazi zako walisikia. Kijiji kizima kimekwisha kusikia. Unataka waseme Grevazio anachezewa na dada yake?"

Enifa aliyaweka majani chini. Macho yake yalirudi kwenye lile furushi. Mpini wa sufuria ulikuwa umechomoza.

"Na huo mzigo ni wa nani?"

Grevazio alilisukuma furushi ndani zaidi kwa kisigino. Aliinua uso, akatazama bati.

"Nyumba haikai bila mwanamume," alisema. "Nitaiangalia."

"Aa. Kumbe."

"Kumbe nini? Mimi ni mzee, Enifa. Kibanda kinavuja pote. Siku nne hizi nalala nimekaa. Nimekaa! Nami nachungulia huko juu, naona bati linang'aa, na chini yake amelala mtu wa kuja."

"Mtu wa kuja ndiye aliyekuchongea mlango. Hicho kiti unachokalia, nani alikitengeneza?"

"Na mimi kule Ruo niliwatengenezea nini?" Sauti ya Grevazio ilipanda ghafla, ikapasuka. "Nyumba ya matofali ya kuchoma! Nikachimba kisima, wanakunywa mpaka leo! Siku ya siku hakuna aliyeniuliza hata mara moja, achilia mbali mara tatu. Nilirudi kutoka kilabuni nikakuta jembe, shoka na mkeka. Mvua inanyesha vivi hivi. Huyu Mtambalika wako ana nini cha zaidi kunishinda?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Enifa alimtazama kaka yake na kwa dakika moja alimwonea huruma ya kweli, maana yeye ndiye aliyeuanika mkeka wa kaka yake siku ile aliporudi. Kisha akaisikia kengele ya baiskeli.

Lackson aliingia uwanjani akisukuma, suruali imelowa mpaka magotini. Kwenye mkono wa usukani kulikuwa na kifurushi cha karatasi ya dukani ndani ya mfuko wa plastiki. Aliona mkeka kwanza. Akaona jembe na shoka. Aliegemeza baiskeli kwenye ukingo wa baraza, akahakikisha imesimama vizuri, ndipo akageuka.

"Shemeji," alimwambia Grevazio.

"Mtambalika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe tumekupa siku nyingi. Jembe lako hilo hapo."

Ng'ambo ya korongo watu walikuwa wameanza kusimama milangoni. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mayi," Lackson aliuliza, "ulisema?"

Enifa angeweza kudanganya. Alifungua kinywa ili adanganye. Lakini mume wake alikuwa anamtazama kama anavyotazama pimamaji, akingoja tu kiputo kitulie, na uongo haukutoka.

"Nilisema."

"Umesikia," alisema Grevazio.

Lackson aliinama akauokota mkeka. Aliukung'uta tope, akaupangusa kwa mkono wa shati, akaukunja kwa mpango, ncha kwa ncha, akaufunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira. Juu yake akafunga jembe na shoka, makali yakitazama nyuma yasije yakamkata mtu njiani. Alifanya yote hayo polepole, kama kazi nyingine yoyote.

"Sanduku la vifaa?" aliuliza.

"Vifaa vilijenga nyumba, vitakaa na nyumba."

"Hata pimamaji?"

"Lina miguu? Lina mkeka? Basi linakaa."

Lackson aliguna. Akachukua kile kifurushi cha dukani akampa Enifa, bila kumtazama usoni.

"Kitambaa cha sketi ya mwenyekiti. Nimekadiria kwa macho, mita mbili na nusu, maana yule mama ana nyonga. Humo ndani kuna chupa ya tapentaini. Awape wenzake, watoe madoa kabla hayajakomaa." Akafikiri kidogo. "Na dirisha la chumbani. Bawaba ya chini inataka mafuta kila mwezi. Usisahau, litakuja kulia."

Kisha akashika usukani.

Enifa alisimama na kifurushi mikononi. Alitaka kulia, akashindwa, akakasirika badala yake. Alimkasirikia mume kwa bawaba, akamkasirikia kaka kwa furushi, na kuliko wote alijikasirikia mwenyewe. Ukutani barazani, juu ya kichwa cha Grevazio, michoro miwili ya penseli ilikuwa mitupu. Mmoja wa jembe, mwingine wa shoka. Alivitazama vivuli vile na kwa jicho moja akajua kilichopotea, kama alivyoambiwa, na hilo nalo lilimuudhi.

Alikwenda akashika keria ya baiskeli kwa nyuma.

"Simama hapo."

"Mayi, usinizidishie aibu. Watu wanatazama."

"Watazame!" Alichomoa mpira, akatwaa jembe kwa mkono mmoja na shoka kwa mwingine, akapanda baraza.

Grevazio alisimama. "Enifa. Ukilitundika hilo jembe, tafuta nkhoswe mwingine. Sikutanii. Siku ukiugua, nisiitwe. Siku ukifa, watoto wako waje kuniambia kama wanavyomwambia mpita njia."

Halikuwa tishio dogo. Mwanamke asiye na kaka wa kumsimamia, huku, hana mlango wa kutokea wala wa kuingilia. Mabinti zake wawili wakiozwa hakuna atakayekaa mkekani kwa niaba yao. Siku ya maziko yake jeneza litangoja uwanjani mpaka apatikane wa kusema neno la kwanza. Enifa aliyajua yote hayo.

"Kaka, siku ulipotupiwa vyako, ulitamani nini?"

Grevazio aliutazama mkeka juu ya baiskeli.

"Ulitamani yule mwanamke atoke ndani avirudishe. Ulinieleza mwenyewe, unalia. Ulisema, angetoka tu. Sasa mimi nimetoka."

Akalitundika jembe. Akalitundika shoka.

"Umeligeuza," Lackson alisema kutoka uwanjani. "Makali yanatazama kushoto."

"Nyamaza!"

Grevazio alitoa furushi lake chini ya kiti, polepole, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Alitazama bati mara ya mwisho. Kisha akakigeuza kiti miguu juu, akakiweka kichwani kujikinga na rasharasha, akateremka kilima. Dada yake alimtazama mpaka chini. Hakugeuka.

"Njoo na huo mkeka," Enifa alimwambia mume wake. "Wenyewe hauna kivuli ukutani. Uingize ndani kwa mkono wako."

*

Jumanne chiperoni ilikuwa haijakata. Enifa aliamka akakuta ua haujafagiwa na ubao wa ratiba umefutwa. Jikoni, ukuta ulikuwa umesuguliwa kwa msasa. Michoro yote imetoka, na mwiko, upawa na chekecheke vimerudishwa kwenye kapu. Lackson alikuwa barazani kwenye benchi, mikono juu ya magoti.

"Nimelala vizuri," alijibu alipoulizwa. Baadaye kidogo akasema, "Mayi, naweza kuchukua maji ya kunywa?"

"Tangu lini unaomba maji?"

"Nauliza tu."

Aliyachukua, akanywa, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili kama mgeni. Kuku waliingia ndani ya nyumba, na hakuwafukuza. Dirisha lilipigapiga na upepo, akalitazama tu. Mpita njia alimsalimia, "Bambo, leo mradi gani?" naye akajibu kwamba hana mradi, anangoja mvua ikatike. Hivi ndivyo Enifa alivyokuwa ameomba kwa wiki kumi na moja, mume aliyetulia asiyegusa kitu chake. Sasa amempata, na hakuweza kumtazama.

Alisonga nsima, akaipakua, akakaanga dagaa wa usipa kwa nyanya. Akangoja. Ukimya ulikuwa mkubwa hata ng'ambo ya korongo wanawake walitoka wakasimama, wakitazama kilimani. Chini, mlangoni pa kibanda, Grevazio alikuwa amekaa kwenye kiti chake na sufuria zake tatu. Naye alikuwa anatazama juu, anasikiliza.

Saa sita ilifika. Ikapita dakika moja. Ikapita dakika tano. Lackson aliitazama saa yake, akateremsha mkono wa shati kuifunika.

Enifa alitoka jikoni na unga mikononi. Aliichukua nyundo kutoka kwenye kivuli chake, akasimama chini ya boriti, akaipiga reli. Aliipiga mara nne kwa ajili ya chakula. Kisha akaendelea kupiga, kwa nguvu zote za mabega yake, uso ameuelekeza chini ya kilima, kaka yake asikie, mpaka kuku wakatoka ndani ya nyumba na ng'ambo ya korongo milango ikafungwa mmoja mmoja.

"Mayi," Lackson alisema, "huwa ni mara nne."

"Najua ni mara nne," alisema Enifa, akihema. "Nenda ukanawe mikono. Nsima inapoa."